Macho ya Usaili

"Tazama kamera, Rehani," Mwalimu Asumini alirudia, akiegemea meza. Tangu asubuhi alikuwa akiwaandaa wanafunzi kwa usaili wa kesho kwa njia ya video, wa kwenda kusoma mwaka mmoja ng'ambo, na sauti ilikuwa imemkauka.

Rehani alijibu vizuri, ila macho aliyainamisha.

"Wasaili watadhani unawaficha jambo. Utakosa nafasi."

"Ni watu wazima, mwalimu. Mama akiniona nawakodolea macho hivyo..."

"Mama hatakuwepo."

Mwalimu alibandua kibandiko kwenye tufaha lake, akakibandika juu ya kompyuta, kando ya kamera. "Sema na hiki. Hakina umri."

Rehani akacheka, akajaribu. Mwanzoni macho yalishuka. Kisha yakatulia, akajieleza mpaka mwisho bila kuyumba.

"Hapo sawa," alisema mwalimu, akivuta mkoba wake.

Rehani akamgeukia, akamtazama usoni kwa macho yaleyale. "Na nikirudi nyumbani, mwalimu, niyashushe tena?"

Hakuuliza kwa ufidhuli. Macho ya Asumini yakateremka polepole mpaka sakafuni, na Rehani akabaki anamtazama.