Mume wa Msimu

Mume wa Isioma alichelewa kufika, na alipofika, jambo la kwanza alilomwuliza mkewe lilikuwa jina lake.

“Isioma,” alijibu kwa sauti ya chini. “Na wewe ni mhandisi wa madaraja, kazi yako iko Kano. Tafadhali usisahau Kano.”

Mume huyo, Tekena, akasema amewahi kuwa wa mbali kuliko Kano. Akanyoosha kola ya shati, wakavuka barabara kwenda kukagua nyumba.

Lagos ilikuwa inafunga mizigo. Krismasi ilikuwa mlangoni, na Isioma alikuwa ameusubiri msimu huu mwaka mzima. Hesabu yake ilikuwa rahisi: Desemba watu wanakwenda kwao vijijini, hakuna anayehama, madalali wanashinda njaa, na wenye nyumba wanataka kuku wa sikukuu. Januari wote wanarudi na kodi inapaa. Shoga zake walimcheka. Dada yake, ambaye Isioma alikuwa akilala sebuleni kwake, hakucheka hata kidogo, maana wakwe walikuwa njiani na sebule ilihitajika.

Hesabu ilikubali, ila kila mwenye nyumba alimtazama kidoleni na kuuliza mume yuko wapi. Mwanamke anaweza kuwa na gari, mshahara na shahada mbili, lakini akisimama mlangoni peke yake haaminiwi kupangishwa hata choo cha nje. Mkorofi kuliko wote alikuwa mwenye nyumba hii ya Surulere, Madam Ibidunni. Aliishi Abeokuta, hakuwa akija mjini, na sharti lake lilikuwa moja tu: wenye ndoa.

Bahati nzuri dalali wake, Gbolahan, alikuwa mtu wa kuelewana naye.

“Nimeambiwa nimwone mume kwa macho yangu mawili,” alimwambia Isioma. “Sikuambiwa awe wa nani.”

Akampa namba ya simu, akamwonya awahi. Wanaume wa kukodi Desemba ni adimu, alisema, maana karibu wote wamekwenda kwao kuwa waume wa kweli.

Ndani ya nyumba Tekena alijituma. Kwenye korido ya giza alipapasa ukutani mara moja tu, taa ikawaka. Mbwa wa uani, aliyekuwa amembwekea Isioma kama mwizi, alimlalia Tekena miguuni. Kisha akalalamika kwamba jiko ni dogo, Isioma akambishia, na kabla hawajamaliza Isioma alikuwa ameudhika kwelikweli, kama mtu aliyeolewa miaka kumi. Gbolahan akatangaza kwamba hajapata kuona ndoa safi kama hii. Ufunguo ukatoka siku ileile.

Majirani walikuwa wawili. Chini aliishi Ebun, daktari wa meno, na mlango wa pili Ufuoma, mpishi wa maharusi. Kila mmoja alikuwa na viatu vikubwa vya kiume mlangoni, na kila mmoja alikuwa na mume asiyekauka mdomoni mwake. Wa Ebun alikuwa kwenye kisima cha mafuta baharini. Wa Ufuoma alikuwa nahodha wa meli. Isioma aliwaonea wivu, halafu akaona haya. Wenzake wana ndoa zao, yeye ni tapeli aliyejibanza katikati ya waungwana. Hata hivyo alikwenda sokoni akanunua viatu vikubwa, akaviweka mlangoni.

Mkesha wa sikukuu Gbolahan alikuja anatoka jasho. Madam Ibidunni alikuwa njiani. Alitaka kula chakula cha mchana cha Krismasi na wapangaji wake pamoja na waume zao, na yeye angekuja na mume wake. Asiye na mume mezani angehama kabla ya mwaka mpya.

Isioma alimpigia Tekena simu. Kwa dada yake wakwe walikuwa wamekwisha kutandika magodoro.

“Usihangaike, mke wangu,” Tekena alimwambia. “Kesho nitakuwa maeneo hayohayo.”

Siku ya Krismasi meza ilipangwa uani. Wali wa jollof ulifuka moshi, na Madam Ibidunni alikaa kwenye kichwa cha meza na kilemba kipana kama ungo, kiti cha kando yake kikiwa kitupu. Helikopta ya mume wa Ebun ilikuwa imechelewa. Meli ya mume wa Ufuoma ndiyo kwanza inatia nanga. Isioma alilaumu barabara ya Kano. Madam akasema anaelewa, hata mume wake bado anatafuta mahali pa kuegesha gari, kisha akawahubiria kwa kirefu juu ya heshima ya mwanamke aliyeolewa. Gbolahan alilitazama lango kuliko sahani yake.

Lango likafunguliwa. Tekena aliingia amevaa agbada nyeupe, joho pana la sherehe, akaiona meza, akaganda palepale. Isioma hakujali. Aliinuka amejaa shukrani, mikono wazi, tabasamu mpaka masikioni.

Ndipo alipomwona Ebun amesimama, naye ana tabasamu. Na Ufuoma amesimama, naye ametanua mikono. Wakatazamana wote watatu, na hakuna aliyekumbuka kuketi.

Madam Ibidunni aliwapita kwa mwendo wa bibi harusi, akamshika Tekena mkono na kumgeuza awaelekee wapangaji. “Mume wangu huyu,” alitangaza. Halafu akamwinamia Gbolahan na kumnong’oneza, kwa mnong’ono uliofika mpaka mwisho wa meza: “Ndiye huyu, sivyo?”