Pasipoti ya Bi Tunu

Bi Tunu alipochaguliwa kwenda ng'ambo kusomea uongozi wa maktaba, wivu ulimkaba mkutubi mwenzake, Bi Msimu, hadi chai ikamchachia mdomoni. Siku ya safari akaichomoa pasipoti ya Tunu mkobani, akaichomeka rafuni, katikati ya maelfu ya vitabu.

Tunu alipoikosa, alikwenda moja kwa moja kwenye vitabu vya safari za nje, akaitoa.

"Shoga, hata ukiiba unapanga kwa mada?"

"Mkono umezoea," Msimu akanong'ona.

"Basi mkono huohuo unibebee begi."

Msimu alilipeleka begi kwenye teksi, akaingia nalo, akaketi.

"Ni wewe unayesafiri, mama?" dereva akauliza.

Msimu akalipakata lile begi, huku Tunu akija taratibu, viatu vipya vikimbana.