Pikapu ya Kulala Maweni

"Komeo litie nje," alisema Bi Thuwaiba.

Fundi Pandu aliinua miwani yake ya kuchomelea. Pikapu ilikuwa imesimamishwa juu ya matofali mbele ya karakana yake Kiembe Samaki, haina matairi, na mgongoni imeshavishwa chumba cha bati kilichobakia mlango tu. Humo ndimo watakamolala wageni wakipelekwa kupiga kambi maweni, kusini ya kisiwa, kusikofika gari za kawaida.

"Komeo hutiwa ndani, Bi Thuwaiba. Mtu akitaka kulala ajifungie."

"Wakenda kuogelea, kima wataingia. Kima wa msitu wa Jozani hufunua hata masufuria. Tia nje."

"Basi nitie mawili. Nje na ndani."

"Moja. Nje."

Pandu akalitia. Bi Thuwaiba alikuwa msimamizi wa dobi katika hoteli moja ya Mbweni, na mafundi alizungumza nao kama anavyozungumza na mashine zake: anabonya, anasubiri.

Gari lilikuwa la marehemu mumewe, kuukuu kuliko watoto wao. Pale karakana kila mtu alijua kwa nini analifufua. Mwanawe, Haitham, alikuwa mtu wa unga, wa kujidunga sindano. Alitoka nyumba ya kupona kabla ya Ramadhani, na waliomtoa walimwambia mama yake wazi: mtafutie kazi, asikae bure, akirudia, moyo wake hautahimili. Haitham anajua kuendesha, na Kitaliano chake cha pwani kinatosha kuchekesha wageni. Pikapu itakuwa kazi yake.

Kwa hiyo Pandu hakubishana sana. Aliongeza springi ili gari linyanyuke juu ya mawe. Alitafuta matairi mapana yenye meno. Bomba la tangi la maji alilitoa nje, watu wapate kujisuuza mchanga. Bi Thuwaiba akataka lirudishwe ndani. Alichomelea kulabu za kutungikia taa na nguo. Bi Thuwaiba akazipitishia kiganja, moja moja, akasema zikatwe.

"Sasa nguo watatungika wapi?"

"Watazilalia."

Dirisha alilitaka dogo, juu, lenye nondo. Lakini paa alilitaka la tabaka mbili, na sponji katikati, na matundu ya hewa kila upande. "Mtu asiungue humo," alisema, na hilo alilirudia kila alipokuja, mpaka Pandu akawa analisema yeye kabla yake.

Siku ya kufunga matairi, Haitham alikuja na mama yake. Alikuwa kijana mrefu, mzuri, na ile rangi ya kijani aliichagua mwenyewe. Alilizunguka gari, akapiga bati kofi.

"Mama, wageni watadhani nawapeleka jela."

"Wageni hulipa walale na mbu," alisema Pandu. "Jela itawashinda nini?"

Haitham alicheka, akamshika mama yake bega. "Nakwenda hapo dukani, nawaleteeni soda."

"Duka liko pale," alisema Bi Thuwaiba, akionesha ng'ambo ya barabara.

"Naliona, Mama."

Pandu alifunga tairi la kwanza, akafunga yote, akaliteremsha gari. Haitham alirudi jua likiwa limeshapinda. Hakuwa na soda. Mikono ya shati, aliyokuwa ameikunja, sasa ilikuwa imeteremshwa mpaka viganjani. Alikuwa akijikuna pua, na akitabasamu polepole, kama mtu anayesikia mzaha unaotoka mbali.

Pandu aliinama, akazikaza upya nati zilizokwishakazwa.

Bi Thuwaiba alimtazama mwanawe machoni, kwa namna anavyolitazama shuka kabla ya kulikunja.

"Umekula?"

"Nshakula."

"Haya, panda ulale kidogo. Hakuna Mzungu mrefu kuliko wewe. Nataka nione kama miguu inaenea."

Haitham alipanda, akajinyoosha. "Inaenea. Godoro laini, Mama." Macho yalikuwa yameshafumba.

Bi Thuwaiba akatoa vitu kwenye kiti cha mbele. Aliingiza ndoo yenye mfuniko, kikapu cha tende na mikate, na mashuka safi. Akarudishia mlango, akasukuma komeo, akatia kufuli aliyoitoa mkobani.

Pandu akacheka, akidhani ni mzaha. Ndani nako kulichekwa. Halafu kukagongwa.

"Mama, nshapima. Fungua."

Bi Thuwaiba aliweka mkobawe kitini, akakaa nyuma ya usukani.

"Bi Thuwaiba," alisema Pandu. "Na wale wageni?"

"Hakuna wageni."

Kugonga kukageuka mateke. Gari zima likawa linatikisika juu ya springi zake mpya. Watu wa duka la ng'ambo wakatoka barazani, wakasimama. Na ndani ya bati, yule kijana mrefu akaanza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mama. Mama yangu. Nakufa humu, Mama."

Pandu alifika dirishani mwa dereva. "Mfungulie, Bi Thuwaiba. Nakuomba. Husikii anavyolia?"

Bi Thuwaiba alikuwa ameshawasha gari.

"Kakaake alilia hivi hivi, nikamfungulia," alisema. "Nimemzika Mwanakwerekwe."