Shati la Mwenye Nyumba

Verediana alioneshwa mbwa watatu uani kwa mfugaji, Sospeta, achague mmoja. Wa kwanza alikuwa wa ukoo safi, tena ana karatasi zake. Wa pili chotara, mchangamfu kupita kiasi. Wa tatu aliokotwa jalalani, na muda wote alikuwa ameufyata mkia.

"Kwa macho hutamjua, mama," Sospeta alisema. "Umekuja na nguo ya mwenye nyumba? Lazima mbwa ainuse, amjue atakayemngoja."

Verediana akatoa shati la Kalisti, mumewe. Arobaini yake ilikuwa imepita juzijuzi tu, na shati hilo hakuwa na moyo wa kulifua. Alipoambiwa alete nguo ya mwenye nyumba, hakumfikiria mtu mwingine, hata yeye mwenyewe.

Yule wa ukoo alinusa, akageuza uso. Chotara aling'ang'ania mkono wa shati, akitaka mchezo. Wa jalalani alinusa kola, akanusa makwapa, kisha akalilalia na kutulia tuli.

"Huyo keshampata bwana wake," Sospeta alicheka. "Baba hurudi saa ngapi kazini?"

Verediana angeweza kuvua mtandio wake wakati ule na kumnusisha mbwa upya.

"Jioni," alijibu.

Jioni mbwa alilala kizingitini, pua kaielekeza barabarani, masikio yakimsimama kila mtu alipopita. Verediana alimwita ndani mara mbili, hakugeuka. Mwishowe akavuta kigoda, akaketi kando yake, naye akaitazama barabara.