Mguu wa Katikati

Kombo alimfukuza Saumu kwenye bendi, akabaki kuimba wimbo aliotunga Saumu kana kwamba ni wake. Amplifaya yake ilipoharibika kabla ya harusi aliyoalikwa kuimba, ilibidi ampelekee Saumu, fundi pekee wa vyombo vya muziki mjini.

"Isije ikaniaibisha harusini, dada."

"Ondoa shaka."

Saumu alifunga voliumu mpya, kitufe cha kuongezea sauti, yenye mguu wa ziada wa kuungia waya katikati. Miguu ya pembeni yote miwili akaipa sauti. Ule wa katikati akauunganisha na waya wa ardhi, sauti imezwe humo. Akachoma risasi kukaza nyaya, akafunga kifuniko.

Harusini, Kombo aliuanza wimbo ule. Kila alipozungusha voliumu kuongeza, sauti ilififia, mpaka kitufe kilipofika katikati spika zikanyamaza kabisa. Midomo yake ikabaki ikichezacheza.

Nyuma ya ukumbi, Saumu alisimama, akavuta pumzi ya kuuimba mwenyewe.