Usitazame Gurudumu

Kwenye muundi wa mguu wake wa kushoto palikuwa na alama ya pedali, meno manne yaliyojipanga, na Baba alikuwa bado hajaiona.

Hii ilikuwa siku ya tisa. Alama ilianza ikiwa nyekundu, ikawa zambarau, na sasa ilikuwa ya manjano, haina haraka ya kuondoka. Darasani alivuta gauni likafunika vifundo vya miguu, lakini miguu yenyewe haikutulia hata dakika moja.

Wenzake walimwita Dirisha. Tangu siku ya kwanza alikaa kando ya dirisha apate mwanga, na hata hivyo mara nyingi alichonakili hakikuwa kile kilichoandikwa ubaoni. Akiulizwa hili alijibu lile, darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alimfokea kila mtu isipokuwa yeye, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Nje ya dirisha kulikuwa na uwanja wa fundi baiskeli.

Alianza kwa kutazama tu. Kutazama si dhambi. Kisha siku moja kipindi cha hesabu kilimshinda, akaomba ruhusa ya kwenda chooni, na choo chenyewe kikawa banda la fundi. Wiki ya pili hakuomba ruhusa tena.

"Bibie, ulikuwa wapi siku zote?" fundi alimuuliza, akikimbia nyuma yake, ameshika keria. "Unajifunza kama mtu anayefukuzwa."

"Nilikuwa na kazi za nyumbani."

"Haya. Usitazame gurudumu, haliendi popote bila wewe. Tazama unakokwenda."

Akatazama. Siku ile fundi aliiachia keria kimyakimya, na Dirisha akaenda peke yake mpaka mwisho wa uwanja, upepo ukimwingia mikononi mwa gauni, kabla ya kukumbatiana na ukuta. Aliinuka akicheka, muundi unachuruzika damu. Ilikuwa raha tupu. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipofanya jambo kwa sababu tu linampendeza, akakosa.

Kazi ilikuwa kwa Baba.

Nyumbani walikuwa wawili tu, na wa tatu wao alikuwa ile ndoto ya ualimu. Ilikuwa ya zamani kuliko makochi. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Huko alipata karatasi ngumu za kahawia, na kila muhula aliketi mezani na mkasi na gundi, akayafunika madaftari ya Dirisha moja moja, akaandika juu yake kwa mwandiko wa kujivunia: Mwalimu wa Kesho. Yeye mwenyewe alivaa viatu vilivyoshonwa mara tatu. Kila jioni aliuliza, "Leo mmefundishwa nini, mama?" na kila jioni Dirisha alibuni. Wiki iliyopita alibuni mto ambao haumo katika ramani yoyote, na Baba alifurahi sana kuusikia.

Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba ndoto imekwisha?

Leo mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alimpa kiti, akasema samahani mara mbili, ndipo akamkabidhi barua.

"Muhula huu siku kumi na moja hujaonekana darasani," alisema. "Jumatatu aje aliyekuandikisha, tuzungumze."

Njiani Dirisha alilipita duka la dawa, akarudi, akalipita tena. Alijaribu maneno kimoyomoyo. Baba, kuna jambo. Baba, usikasirike. Alifikiria kuichana barua, akafikiria kubuni mwalimu mkuu mgonjwa, mazishi, mafuriko ya ule mto wake. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia mlangoni kwao.

Baba alikuwa mezani, mkasi mkononi, daftari jipya mbele yake. Dirisha hakungoja hata salamu. Aliweka barua juu ya karatasi ya kahawia, kisha akapandisha gauni kidogo, akaonyesha muundi.

"Shule siendi, baba. Naenda kwa fundi baiskeli. Ualimu niliutaka, nikautaka mpaka hamu ikaisha yenyewe. Sasa nataka kuendesha baiskeli. Basi, hakuna kingine."

Baba alisoma barua polepole mpaka mwisho. Akauweka mkasi chini.

"Mguu unauma?"

"Nikikunja."

Alinyanyuka akatoka. Dirisha alisikia mlango wa stoo ukifunguliwa, kisha chuma kikigonga chuma. Humo ndimo ilimokaa baiskeli ambayo Baba huenda nayo kazini. Bila shaka alikuwa anaifunga kwa mnyororo. Dirisha alikaa, akasimama, akakaa tena, mwisho uvumilivu ukamshinda akamfuata.

Alimkuta Baba amepiga magoti, spana mkononi, anashusha kiti cha baiskeli. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umekasirika, baba."

"Sijakasirika. Nilidhani ualimu bado unautaka, ndiyo maana nikakuandikisha." Alikipima kiti kwa jicho, akakipima na kiuno cha Dirisha, akakishusha kidogo zaidi. Akaikaza nati. Kisha akazunguka nyuma, akashika keria kwa mikono miwili. "Panda, mama. Ningejuaje? Ulinizaa ukanibeba, na muda wote niliokuwa mgongoni mwako hukuwa na wimbo mwingine wa kunibembelezea: mama atakuwa mwalimu, mtoto akishakua."