Jina la Kanga

Bi Tatu alichora kanga, na majina yake aliyapata kwa majirani. Kuta zilikuwa nyembamba. Watu wakigombana alisikiliza, na neno lililomchoma moyo alilitia kwenye kanga.

Asubuhi hiyo Makame, jirani yake, alisimama dukani akasoma kanga mpya kwa sauti: "Kizingiti ukivuka, hufiki unakokwenda."

"Jina tamu, Bi Tatu. Umelitoa wapi?"

"Kichwani tu, baba."

Makame akatabasamu. "Nililisema mimi, chumbani, tukiwa wawili. Kumbe mke wangu anakuja kukuhadithia."

"Siwema hajaniambia kitu! Nilisikia mwenyewe ukutani, wallahi."

"Naona mnateteana."

Akaichukua ile kanga, akaikunja taratibu, akashika njia ya kwake. Bi Tatu aliliacha duka wazi akamfuata mbio, lakini alikuta mlango umeshakomewa kwa ndani.

"Siwema! Siwema mwanangu, nifungulie!"

Akazunguka uani. Jikoni chai ilikuwa ikifurika na kumwagikia makaa, na hapakuwa na mtu wa kuiepua.